Picha Katika Vitabu vya Watoto: Mtazamo Kutoka Meru na Embu

Mwalimu mwenzangu, mpe mwanafunzi wa shule ya upili kitabu cha watoto chenye picha umwambie akihakiki. Bila shaka atacheka. Kicheko hicho kina historia, na makala haya yanakusudia kuifuatilia kwa kutazama hali ya wasomaji wadogo wa Meru na Embu.

Kwanza tutofautishe mambo mawili. Kuna kitabu cha kiada chenye michoro, ambapo picha hueleza tu maana ya neno. Kuna pia kitabu cha picha, ambapo maneno na picha husimulia hadithi kwa pamoja, na kimoja kikiondolewa hadithi huvunjika. Aina ya kwanza ni kongwe: Comenius alichapisha Orbis Sensualium Pictus mjini Nuremberg mwaka 1658 ili watoto wajifunze Kilatini kwa kutazama. Kwetu pia aina hiyo ndiyo iliyotangulia.

Waanglikana walifungua kituo cha Kigari, Embu, mwaka 1910, na Wamethodisti wakafika Meru mwaka 1912. Kusoma wakati huo kulielekezwa kwenye dini, si burudani ya mtoto. Hadithi za mtoto zilibaki mekoni kwa nyanya, ambako picha zilichorwa kwa sauti na mikono.

Baada ya uhuru, Tume ya Ominde ya 1964 ilipendelea Kiingereza shuleni, nayo Ripoti ya Gachathi ya 1976 ikapendekeza lugha ya mama katika madarasa ya chini. Vitabu vya Tujifunze Kusoma Kikwetu vilitumikia lengo hilo. Mfumo wa 8-4-4 ulipoanza mwaka 1985, Kiswahili kilikuwa cha lazima na kutahiniwa katika shule za msingi. Kwa mtoto wa kijijini aliyezungumza Kimeru, Kiembu au Kimbeere nyumbani, picha sasa ilikuwa daraja la kuvukia hadi kwenye Kiswahili.

Je, daraja hilo lilijengwa ipasavyo? Wachapishaji walifuata soko, nalo soko lilikuwa shule. Picha za rangi ni ghali kuchapisha, na mzazi aliyetafuta karo hangenunua kitabu kisichotahiniwa. Ndiyo maana hadithi nyingi za watoto ziliishia kwa maswali ya ufahamu. Hata hivyo palikuwa na juhudi nyingine. Mradi wa Vitabu vya Watoto ulianza Tanzania mwaka 1991, na mwaka 1996 Sasa Sema ya Nairobi ilianza kuchapisha hadithi za katuni kwa Kiswahili, Abunuwasi ya Gado ikiwa miongoni mwazo. Elimu bila malipo ya 2003 iliziletea shule fedha za vitabu, lakini vya kiada. Kuanzia 2015, mpango wa Tusome uligawa vitabu vya kusomea vyenye picha kwa lengo la kila mwanafunzi wa madarasa ya chini kuwa na chake. Hatua hiyo ilikuwa kubwa, ingawa picha bado ilimtumikia mwalimu wa kusoma kuliko msimulizi.

Hapa ndipo suala hili linapotuhusu sisi wa fasihi. Mwanafunzi aliyezoezwa kwamba picha ni pambo huja kwetu akidhani mandhari pia ni pambo. Ukimwuliza kwa nini tukio limetokea mahali fulani, hutaja jina la mahali akanyamaza. Wapo wanaosema picha humfanya mtoto mvivu wa kusoma. Sikubaliani nao. Mvivu ni yule anayetazama bila kuulizwa swali.

Napendekeza jambo jepesi. Chukua kitabu kimoja cha picha, ufunike maneno, uwaulize wanafunzi: Nani mkubwa katika picha, na kwa nini? Mlima huu, migomba hii au ukame huu unatuambia nini ambacho maneno hayasemi? Mwanafunzi wa Tharaka na yule wa miteremko ya majani chai ya Embu hawatajibu sawa, na tofauti hiyo ndiyo mwanzo wa uhakiki. Kisha funua maneno, mlinganishe.

Fasihi ya watoto si ngazi ya kupandia na kusahau. Tusipoihakiki sisi, wanafunzi wetu wataendelea kucheka, na siku moja watawanunulia watoto wao vitabu kwa kutazama bei tu.