Kutoka Hasara hadi Kafara: Historia ya Anodi za Vyombo vya Baharini na Funzo Lake kwa Istilahi za Kiswahili

Utangulizi

Mashua ya matanga ya siku hizi huwa na mwili wa faiba usiolika kwa chumvi, lakini chini yake mna shafti ya chuma cha pua na rafadha ya bronzi. Metali tofauti zilizounganishwa ndani ya maji ya bahari hufanya kazi kama betri, na ile iliyo nyepesi zaidi kupoteza elektroni ndiyo inayolika. Kwa sababu hiyo, kipande cha zinki hufungwa kwenye shafti ili kilike kwa niaba ya nyingine. Kipande hicho kinaweza kuitwa anodi ya kafara. Makala hii inafuatilia asili ya kinga hiyo na kudai kwamba haikukomesha ulikaji, bali iliuhamishia mahali palipochaguliwa. Uchaguzi huo hauna faida pasipo ukaguzi.

Usuli wa kihistoria

Mwaka 1761, Jeshi la Majini la Uingereza lilifunika kwa mabamba ya shaba sehemu ya chini ya manowari Alarm, ili kuzuia mwani na viumbe watoboao mbao. Ilipokaguliwa mwaka 1763, baada ya kurejea kutoka Karibi, misumari mingi ya chuma iliyogusana na shaba ilikuwa imelika vibaya. Hata hivyo, pale ambapo karatasi ya kufungia mabamba ilisahauliwa katikati ya metali hizo mbili, chuma kilisalimika.

Shaba nayo ililika polepole baharini. Januari 1824, Humphry Davy, aliyekuwa rais wa Royal Society, aliwasilisha suluhisho lake: kuunganisha shaba na vipande vidogo vya chuma au zinki. Kilichokuwa hasara katika Alarm kilifanywa kuwa mbinu. Mwaka huohuo manowari Samarang ilifungwa vipande vya chuma cha kusubu, ikasafiri hadi Nova Scotia na kurudi.

Shaba ililindwa kama alivyotabiri Davy. Lakini shaba inayoyeyuka kidogo kidogo ndiyo iliyokuwa sumu kwa mwani na makome; ilipoacha kuyeyuka, viumbe hao waliigandama na kupunguza mwendo wa meli. Jeshi lilianza kuviondoa vipande hivyo mwaka 1825, na mwaka 1828 mpango ukasitishwa. Davy alifariki mwaka uliofuata. Majaribio yake yalikuwa yamepima uzima wa shaba, ilhali nahodha alihitaji meli iendayo kasi.

Meli za chuma zilipoenea, mbinu hiyo ilirudi, kwa kuwa mwili wa chuma haukutegemea sumu ya shaba. Katikati ya karne ya 20 ilibainika pia kwamba zinki yenye chembe za chuma hujifunika utando na kuacha kufanya kazi. Ndiyo maana viwango vya kijeshi vya Marekani viliweka kikomo cha chuma kuwa asilimia 0.005 tu.

Ukaguzi na tafsiri ya dalili

Mashua inapopandishwa nchi kavu, anodi husuguliwa kwa brashi ya waya na kupimwa kwa jicho. Iliyolika nusu hubadilishwa. Mahali inapofungwa husafishwa kwa msasa hadi metali ing'ae, na anodi yenyewe haipakwi rangi kamwe, maana rangi huitenga na maji. Anodi iliyolika si kifaa kibovu. Ya kutiliwa shaka ni ile iliyobaki nzima baada ya msimu mzima, kwani huenda haijagusana vyema na metali inayopaswa kuilinda. Iliyokwisha upesi mno nayo yaweza kuashiria umeme unaovuja, hasa bandarini.

Maji nayo huamua metali. Zinki hufaa baharini, lakini katika maji baridi kama ya Ziwa Victoria na Ziwa Tanganyika hujifunika utando. Huko hutumika magnesi, ambayo baharini ingekwisha haraka. Mwongozo uliotafsiriwa kwa ajili ya Mombasa hauwezi kupelekwa Kisumu au Kigoma bila kurekebishwa.

Hitimisho

Neno kafara linaeleza vyema kiini cha jambo: kimoja hutolewa ili balaa isikipate kingine. Lakini lina upungufu. Katika desturi, kafara hutupwa njia panda na kuachwa; anodi hurudiwa, hukaguliwa na kubadilishwa. Fundi aliyepewa istilahi bila maana hiyo aweza kuipaka rangi, au kufurahia uzima wake huku rafadha ikiharibika. Kwa hiyo inapendekezwa kwamba vyombo vya istilahi katika kanda viingize ukaguzi na ubadilishaji ndani ya fasili yenyewe, na rasimu zisomwe na mafundi wa pwani na wa maziwa kabla ya kusanifishwa. Mradi wa Davy ulikwama kwa kutopima mahitaji yote ya chombo. Istilahi isiyopimwa kwenye kazi yaweza kukwama vivyo hivyo.