Betri ya Gari Isiyo na Gari

Katika vijiji vingi vya pwani ya Tanzania, kabla ya nguzo za umeme na kabla ya sola, betri ya gari ilisafiri bila gari. Ilifungwa kwa mpira kwenye keria ya baiskeli, au ikapakiwa mtumbwini ikitoka visiwa vya delta ya Rufiji, ikapelekwa kwa mwenye jenereta. Ilirudi imeshiba.

Redio haikuwa na makuu. Ilitosheka na betri za tochi, zilizoanikwa juani zikichoka. Televisheni ndiyo iliyoleta njaa. Zanzibar ilikuwa na kituo tangu miaka ya 1970, lakini Bara ilisubiri hadi 1994, na televisheni ndogo zenye waya wa volti 12 zikapata mwenza wao: betri yenye asidi na bamba za risasi, aliyoibuni Mfaransa Gaston Planté mwaka 1859.

Ila mwenza huyo hakuumbwa kwa kukesha. Kazi ya betri ya gari ni kupiga stata, kutoa nguvu nyingi kwa sekunde chache kisha irudishiwe njiani. Mmarekani mwenye mashine ya kukalia ya kukata nyasi huiua betri yake kwa kuisahau bandani msimu wote wa baridi. Katika vijiji kama vya kata ya Dimani, Kibiti, ambako nyasi ni za fyekeo, betri iliuawa na mpira: watu walitazama hadi picha ikasinyaa pembeni, na bado hakuna aliyetaka kuzima kabla ya kipenga. Ugonjwa ni mmoja. Betri ikikaa bila chaji, salfeti huganda juu ya bamba na kugoma kuyeyuka.

Hapo ndipo ufundi ulipohitajika. Vifuniko sita hufunguliwa, kila kimoja na seli yake ya volti 2 na kidogo, na ndani humulikwa kwa tochi. Kibatari ni marufuku, maana betri inayochajiwa hutoa haidrojeni, na cheche moja yatosha kupasua kasha. Bamba zikiwa wazi, huongezwa maji yasiyo na madini. Asidi haiongezwi, kwa sababu kinachopungua kwa joto na chaji ni maji tu. Ya kisima hayafai, na karibu na mikoko, ambako chumvi ya bahari hupanda maji yakijaa, ndiyo hayafai kabisa. Unga mweupe kwenye vichwa vya betri huoshwa kwa maji ya moto yenye magadi. Hutoa povu, hukaushwa, hupakwa grisi.

Sola ilifuta safari ya baiskeli. Chaji kontrola, kisanduku kisichopenda timu yoyote, hukata umeme kabla betri haijaishiwa chaji. Na umeme wa nguzo nao ukaongezeka: juu zaidi katika mto Rufiji, Bwawa la Julius Nyerere, lililojengwa kwa ajili ya megawati 2,115, lilianza kuzalisha Februari 2024 na kuingiza umeme wake kwenye gridi ya taifa.

Wapo ambao hadi leo hawaweki betri sakafuni bila kuitandikia ubao, wakihofia saruji itanyonya chaji. Hofu hiyo ni urithi wa makasha ya zamani ya mbao na mpira mgumu, yaliyopenyeza unyevu. Kasha la plastiki halina shida hiyo, lakini ubao bado upo.