Ufa Usiozibwa: Habari za Mnyoo wa Kompyuta wa Mwaka 2003

Mnyoo wa kompyuta ni programu ijiendeshayo yenyewe: huingia katika mashine kwa kupitia kasoro iliyomo, hujizalisha, kisha hutafuta mashine nyingine. Wa kwanza kuvuma sana ulitokea Marekani mwezi wa Novemba, 1988. Lakini wenye mafunzo makubwa zaidi ni ule uitwao Slammer.

Mnyoo huu, wenye baiti 376 tu, ulizuka tarehe 25 Januari, 2003. Ulipenya katika programu ya Microsoft ya kuhifadhia data, na katika muda wa dakika 10 ulikuwa umekwisha kuzipata nyingi za mashine zenye kasoro ile duniani. Zilizoambukizwa zilikuwa 75,000 au zaidi. Njia za intaneti zikasongamana, na mashine za kutolea fedha za Bank of America zikakwama.

La kustaajabisha ni kwamba dawa ilikuwapo. Microsoft walikuwa wametoa kiraka tangu Julai, 2002. Kwa nini basi hakikutiwa? Wengine waliiona kazi yenyewe ni ya taabu; wengine hawakujua kwamba programu ile imefichamana ndani ya programu nyingine walizozinunua. Hata baadhi ya mashine za Microsoft wenyewe hazikusalimika.

Wala watu hawakukoma. Mwaka 2017 kiraka kilitolewa Machi. Mnyoo WannaCry ukaja Mei, na hospitali za Uingereza zikawarudisha wagonjwa.

Wahenga walikwisha kutuonya: usipoziba ufa, utajenga ukuta.