Asili kama Thamani: Samaki wa Porini na Samaki wa Kuzalishwa katika Biashara ya Sikilidi wa Mapambo kutoka Maziwa Tanganyika, Nyasa na Viktoria

Sato anayeuzwa sokoni Mwanza na samaki mdogo wa buluu anayeogelea ndani ya tangi la kioo sebuleni mwa mtu huko Ujerumani ni wa familia moja, ile ya sikilidi. Wa kwanza hupimwa kwa kilo, wa pili huuzwa mmoja mmoja. Wote wawili, hata hivyo, huulizwa swali linalofanana. Mnunuzi wa sato siku hizi hutaka kujua kama samaki ametoka ziwani au kwenye vizimba. Mfugaji wa samaki wa mapambo naye hutaka kujua kama samaki amevuliwa porini au amezalishwa tangini. Katika maandishi ya wafugaji swali hili hujadiliwa kama suala la afya, rangi na tabia ya samaki. Makala haya yanalichukulia kuwa suala la historia. Yanadai kwamba mpaka kati ya makundi hayo mawili ulichorwa na biashara yenyewe katika nusu ya pili ya karne ya 20, na kwamba waliouchora hawakuwa wakazi wa kandokando ya maziwa.

Sikilidi wa Ziwa Tanganyika waliingia katika elimu ya Ulaya wakiwa wamekufa. J. E. S. Moore alikusanya vielelezo ziwani humo katika safari yake ya 1895–1896, na mwaka 1898 G. A. Boulenger, akiwa London, alimpa mmoja wao jina la Tropheus moorii. Nusu karne baadaye msafara wa Wabelgiji wa 1946–1947, ambao Max Poll alikuwa mtaalamu wake wa samaki, uliongeza sana idadi ya spishi zilizojulikana. Vyote hivyo vilikuwa vielelezo vya chupa. Ili samaki afike Ulaya akiwa hai zilihitajika ndege za mizigo na mifuko ya plastiki inayoweza kujazwa oksijeni, na mambo hayo mawili hayakukutana kwa urahisi kabla ya miaka ya 1950. Shehena za mwanzo za sikilidi hai kutoka Tanganyika na Nyasa zilianza kuwafikia wafugaji wa Ulaya mwishoni mwa muongo huo na mwanzoni mwa miaka ya 1960. Wakati huo neno “wa porini” halikuwa na kazi yoyote sokoni, kwa kuwa hapakuwa na samaki wa aina nyingine wa kulinganishwa naye.

Biashara ilipata mizizi pale wauzaji walipohamia ziwani. Pierre Brichard, Mbelgiji aliyekuwa akisafirisha samaki wa Mto Kongo, alianzisha kituo Bujumbura mwanzoni mwa miaka ya 1970. Kitabu chake cha mwaka 1978 kuhusu samaki wa Tanganyika kiliwafundisha wafugaji wengi jiografia ya ziwa ambalo hawangelifika kamwe. Huko Malawi, Stuart Grant alianza kazi kama hiyo katika muongo huohuo. Majina haya mawili yanajulikana kwa kila anayefuga sikilidi. Wasiojulikana ni wazamiaji wa Kiafrika walioshuka miambani na nyavu, wakawafukuza samaki kutoka jiwe hadi jiwe, kisha wakawapandisha kwa hatua. Samaki anayeishi kwenye kina kirefu akitolewa kwa haraka, kibofu chake cha hewa hutanuka na kumuua. Kwa hiyo huwekwa katika chombo kinachopandishwa kidogokidogo, wakati mwingine kwa siku kadhaa. Kabla ya kusafirishwa hunyimwa chakula ili asichafue maji ya mfuko wake. Maji hayo ndiyo sehemu kubwa ya uzito unaolipiwa nauli ya ndege, na hapo ndipo ilipo sababu ya kwanza ya kiuchumi ya kuzalisha samaki karibu na mnunuzi.

Sababu ya pili ilitokana na maumbile ya samaki wenyewe. Sikilidi wengi wa Nyasa, wakiwamo wale wa miambani ambao Watonga wa pwani ya magharibi ya ziwa huwaita mbuna, huatamia mayai mdomoni. Jike hubeba mayai na vifaranga kwa muda wa wiki tatu hivi, kisha huwatoa wakiwa tayari kujilisha. Hapakuhitajika ujuzi mkubwa wala mitambo kuwapata watoto hao. Lilitosha tangi, mawe na maji yenye chokaa. Mashamba ya Florida, wafugaji wa Chekoslovakia na Ujerumani, na baadaye wazalishaji wa Kusini-mashariki mwa Asia, waliweza kuuza mbuna kwa bei ambayo shehena ya ndege isingeweza kushindana nayo. Jina “mbuna” lilibaki katika lugha za wafugaji kote duniani, ingawa wengi wa samaki walioitwa hivyo hawakuwahi kuliona Ziwa Nyasa.

Ni hapo tu, samaki wa kuzalishwa walipokuwa wengi na rahisi, ndipo samaki wa porini alipogeuka kuwa daraja. Orodha za bei zikaanza kutofautisha. Alama ya F1, iliyokopwa kutoka elimu ya jenetiki, ikaja kumaanisha mtoto wa wazazi wawili waliovuliwa ziwani, na bei ikashuka kadiri kizazi kilivyosogea mbali na ziwa. Alama hiyo ni ya ajabu kidogo, kwa kuwa katika jenetiki haihusiani na pori. Inataja tu kizazi cha kwanza cha mzao fulani. Wafugaji waliigeuza kuwa hati ya nasaba, kama zile za farasi na mbwa wa Ulaya.

Mfano ulio wazi zaidi ni Tropheus wa Tanganyika. Samaki huyu hula mwani juu ya miamba na huogopa kuvuka mchanga au maji ya kina. Hivyo kila kipande cha pwani ya mawe kimekuza rangi yake, na zimehesabiwa zaidi ya aina 100. Jike hutoa mayai machache, mara nyingi chini ya 15. Ndiyo maana uzalishaji wake ulikwenda polepole na samaki wa porini wakaendelea kupata soko. La muhimu zaidi, aina hizo zikiwekwa pamoja tangini huzaana, na mzao wao hana pwani yoyote anayoweza kuitwa kwayo. Thamani ya Tropheus, basi, imefungwa katika jina la mahali. Ikola, Bulu Point na Kasanga katika upande wa Tanzania, na Ilangi katika upande wa Zambia, ni majina yanayotamkwa kila siku na watu wa Ulaya na Marekani wasioweza kuyaonyesha kwenye ramani. Kijiji cha wavuvi kimegeuzwa kuwa nembo ya biashara, na kijiji hakidai chochote kwa matumizi ya jina lake.

Hoja ya wanaowatetea samaki wa porini ina uzito katika jambo moja: kumbukumbu ya asili hupotea haraka tangini. Majike ya Aulonocara wa Nyasa hufanana mno kwa rangi yao ya kijivu, na mzalishaji asiye makini huchanganya spishi bila kujua. Wengine huchanganya kwa makusudi. Aulonocara wenye madoadoa wanaouzwa madukani ni mahuluti waliotengenezwa na binadamu. Hakuna mwamba hata mmoja ziwani ambako wanapatikana. Tabia nazo hubadilika, maana mzalishaji huchagua rangi, ukubwa na upole, na huyo asiyeyaogopa maji ya bomba.

Hata hivyo, pori nalo si ushahidi wa asili. Karibu na Cape Maclear, katika Kisiwa cha Thumbi West, wauzaji walihamishia samaki kutoka sehemu nyingine za Ziwa Nyasa ili wavuliwe karibu na kituo badala ya kusafiri mbali. Utafiti wa Ribbink na wenzake, uliochapishwa 1983, uliwakuta wageni hao wakiwa wameshamiri miongoni mwa wenyeji, na katika miaka ya 1990 watafiti waliripoti kwamba baadhi yao walikuwa wamezaana na mbuna wa hapo. Eneo hilo lilikuwa tayari ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ziwa Malawi iliyoanzishwa 1980, na mwaka 1984 likaingia katika Urithi wa Dunia wa UNESCO. Mtu anayenunua samaki aliyevuliwa Thumbi West ananunua samaki wa porini kwa maana kamili ya neno hilo sokoni. Kwamba babu zake waliletwa kwa boti na muuzaji, cheti hakisemi.

Madhara ya uvuvi wenyewe hayakuwa sawa kila mahali, na ni kosa kuyajumlisha. Spishi iliyoenea pwani ndefu huweza kuvumilia wazamiaji wachache wenye nyavu ndogo. Ikilinganishwa na makokoro na udongo unaoporomoka kutoka vilimani, biashara ya mapambo ni jambo dogo. Hali ni tofauti kwa spishi inayoishi mwamba mmoja. Melanochromis chipokae, anayetoka miamba ya Chindunga karibu na Chipoka, ameorodheshwa kuwa katika hatari kubwa kabisa ya kutoweka, na uvuvi kwa ajili ya matangi umetajwa kuwa chanzo. Wakati huohuo, spishi hiyo imezalishwa nje ya Afrika tangu miaka ya 1970.

Ziwa Viktoria linageuza mjadala wote. Sangara aliingizwa humo katika miaka ya 1950, na alipofurika katika miaka ya 1980, spishi nyingi za furu, zinazokisiwa kufikia 200, hazikuonekana tena. Watafiti wa Leiden waliokuwa Mwanza tangu 1977 walikwenda kuchunguza ikolojia ya furu na wakajikuta wakiandika habari za kutoweka kwao. Baadhi ya furu walichukuliwa hai, na spishi kama Haplochromis perrieri ziliendelezwa katika matangi ya Ulaya na Marekani, katika taasisi na majumbani. Kwa samaki hawa ubora wa “porini” hauna maana, kwa kuwa hakuna pa kuwavua. Lakini kundi lililotokana na wazazi wachache, likachaguliwa na tangi kwa miongo kadhaa, si furu yuleyule aliyeondoka Mwanza. Furu waliojitokeza upya ziwani baada ya sangara kuvuliwa sana nao wameonekana kubadilika maumbo.

Mwanahistoria wa biashara hii hukwama kwenye nyaraka. Sikilidi hawa hawamo katika orodha za CITES, na forodha huwaweka samaki wote wa mapambo wa maji baridi katika fungu moja, hivyo haiwezekani kufuatilia spishi moja kutoka bandari ya Kigoma hadi uwanja wa ndege wa Frankfurt. Mkataba wa Bayoanuwai wa 1992 ulizipa dola mamlaka juu ya rasilimali zao za viumbe, lakini kufikia wakati huo wazazi wa samaki wengi wanaozalishwa leo walikuwa wameshaondoka. Hoja kwamba kuzalisha nje huokoa maziwa, ambayo kwa upande wa ikolojia mara nyingi ni sahihi, hunyamaza kuhusu mzamiaji aliyepoteza kazi, na kuhusu nchi iliyotoa mbegu mara moja na haikulipwa tena.

Chindongo saulosi, aliyepewa jina la mzamiaji wa Kimalawi na kuelezwa kisayansi na Ad Konings mwaka 1990, anatoka mwamba mmoja karibu na Kisiwa cha Chizumulu. Matangi yalijaa watoto wake huku mwambani akivuliwa hadi karibu kwisha. Juhudi za kumrudisha zimetumia samaki waliozalishwa, wakasafirishwa hadi mwambani na kuachiliwa majini na wazamiaji.