Barua za Nanjing

Vita ikiingia mjini, bendera juu ya nyumba ya misioni yafaa nini? Tutazame habari za Nanjing, mji wa China.

Tarehe 13 Desemba 1937 jeshi la Japani liliuteka mji ule. Waprotestanti wa Marekani walikuwa na shule kubwa huko. Katika chuo cha wasichana cha Ginling, Bibi Minnie Vautrin alipokea wanawake na watoto, hata wakafika 10,000 hivi. Bendera ya Marekani ilipepea, lakini askari waliingia, wakaiba mali, wakakamata wanawake. Basi Bwana Miner Searle Bates, mwalimu wa Chuo Kikuu cha Nanking, aliupelekea ubalozi wa Japani barua za malalamiko karibu kila siku. Wakuu wa ubalozi walizipokea, lakini hawakuwa na nguvu juu ya jeshi.

Januari 1938 Bwana John Allison alifika kuusimamia ubalozi wa Marekani. Tangu tarehe 15 hata 18 aliarifiwa mara 15 kwamba askari wameingia katika mali ya Wamarekani. Tarehe 26 alikwenda kuchunguza habari za mwanamke aliyechukuliwa kwa nguvu katika nyumba ya chuo. Askari akampiga kofi. Japani iliomba radhi upesi kwa kofi lile. Na yule mwanamke, nani alimwomba radhi?

Je, barua zile zilikuwa kazi bure? Hapana. Mwaka 1946 Bates alisimama mbele ya mahakama ya Tokyo, akazishuhudia. Karatasi haikuuzuia mkono wa mkosaji. Lakini ilimnyima mkubwa wake nafasi ya kusema: sikujua.