Kushoto kwa Nani?

Watu wawili wakikabiliana, mkono wa kushoto wa mmoja huelekea mkono wa kuume wa mwenziwe. Katika mazungumzo jambo hili ni dogo, walakini kwa tabibu ashikaye kisu ni jambo la uhai: akikosea upande, aweza kutoa figo nzima na kuiacha ile yenye ugonjwa.

Elimu ya kuutaja mwili kwa pande zake ilichukua miaka mingi kutengenea. Galen, tabibu Mgiriki aliyekaa Roma katika karne ya pili, alipasua nyani na nguruwe, si maiti za watu, na maneno yake yalifuatwa zaidi ya miaka elfu. Mwaka 1543 Vesalius alipiga chapa kitabu chake huko Basel, akaonyesha kuwa taya la chini la mtu ni mfupa mmoja, wala si miwili kama Galen alivyosema. Hata hivyo kila chuo kiliendelea kubuni majina yake, hata yakafika yapata 50,000. Mwaka 1895 wataalamu wa Kijerumani walikutana katika mji ule ule wa Basel, wakayapunguza yakabaki kama 5,000 na kitu.

Kanuni ifuatwayo ni hii: mwili huelezwa kana kwamba mtu amesimama wima, uso mbele, mikono ubavuni, viganja vimeelekea mbele. Kushoto ni kushoto kwake yeye, si kwa amtazamaye. Tena mwili hukatwa kwa fikira mara tatu: mkato wa mshale hutenga kuume na kushoto, mkato wa taji hutenga mbele na nyuma, na mkato wa kulala hutenga juu na chini. Mshale na taji ni majina yaliyotoka katika maungio ya fuvu la kichwa.

Penye ubongo pana shida yake. Mbwa asimamapo, uti wa mgongo na ubongo wake hufuatana karibu katika mstari mmoja. Mtu yu wima, na ubongo wake umepinda kuelekea mbele. Basi wataalamu, waliotwaa maneno yao kwa wanyama, huuita upande wa juu wa ubongo wetu “upande wa mgongo”, ingawa mgongo u nyuma! Mwanafunzi asiyejua asili ya neno hilo hutatizika sana.

Mwaka 1861, huko Paris, alikufa mgonjwa ambaye kwa miaka mingi hakuweza kutamka ila “tan”. Tabibu Broca alipoutazama ubongo wake aliona umeharibika sehemu ya mbele, upande wa kushoto. Ni kushoto kwa mgonjwa mwenyewe. Na mkono wake uliopooza ulikuwa ule wa kuume.