Dawa za Pumu

Kila mwenye pumu akaaye Kariakoo aijua adha ya vumbi na moshi wa mtaa ule uliopata jina kwa Carrier Corps, wapagazi wa Waingereza katika Vita Kuu ya kwanza. Humo wapo wauza miti-shamba, nasi hatuwacheki, maana dawa za hospitali nazo zilianza majanini.

Watu wa Bara Hindi walivuta moshi wa mnanaha ili kifua kifunguke, na mwaka 1802 jemadari Gent aliipeleka desturi hiyo Uingereza kutoka Madras. Lakini mnanaha ni sumu: kipimo kikizidi mtu hurukwa na akili, pengine hufa. Katika miaka ya 1970 ndipo ilipopatikana ipratropiamu, dawa ya kuvutwa iliyotokana na atropini ya mimea ya jamii hiyo, isiyoleta wazimu ule. Wachina nao walikuwa na mmea wao, ma huang, uliotupa efedrini.

Kikopo cha kupuliza dawa kilitokana na swali la mtoto. Binti wa miaka 13 alimwuliza babaye, mkuu wa kampuni ya Riker huko Marekani, kwa nini dawa yake ya pumu isitiwe katika kikopo kama manukato. Vikopo vikauzwa mwaka 1956.

Furaha ile ilichanganyika na msiba. Katika miaka ya 1960 vijana wengi wenye pumu walikufa huko Uingereza, na isoprenalini ya vikopo, isumbuayo moyo, ikashukiwa. Mwaka 1969 ikaja salbutamoli, iliyo salama zaidi kwa moyo. Hata hiyo hulegeza misuli ya njia za pumzi tu. Uvimbe wa ndani hauuondoi. Dawa ya uvimbe, beklometasoni ya kuvutwa, ilitoka mwaka 1972, tena katika kampuni ileile iliyotoa salbutamoli, chini ya mtaalamu David Jack.

Basi hapa pana shida. Beklometasoni haimpi mgonjwa nafuu papo hapo; sharti aivute kila siku, hata siku aliyo mzima. Mwenye fedha ya kikopo kimoja tu atanunua kipi? Hununua kile cha buluu, kimpacho pumzi sasa. Tangu mwaka 2019 wataalamu wa GINA, washauri wa dunia katika pumu, wasema mtu mzima asitibiwe kwa salbutamoli peke yake. Ampataye pumzi kwa kikopo cha buluu hurudi nyumbani akicheka, na uvimbe u vilevile kifuani mwake.